Gari Likichemsha, Usikubali Themostati Itolewe Kabla Ugonjwa Haujajulikana

Leo naomba tuweke mahindi na nyanya pembeni kidogo, tuongelee gari. Najua kuna atakayeuliza: Bwana Shamba na mambo ya gereji wapi na wapi? Nitamjibu. Msimu huu nimepita mlima Kitonga nikakuta magari matatu madogo yamefungua boneti, kila moja kwa siku yake, yote yamebeba mazao kutoka Ruaha Mbuyuni. Nilisimama nikasalimia, nikauliza. Wenye magari wote watatu walinipa jibu linalofanana: "Themostati? Fundi alishaitoa zamani."

Wakati huo nyanya zinaiva juani ndani ya tenga, na mnunuzi wa Iringa anapiga simu kusema amepata mzigo mwingine. Kama kazi yangu ni kuhakikisha mazao yako yanafika sokoni yakiwa bado mazao, basi hili nalo ni suala la ugani.

Nasema wazi tangu mwanzo: tabia ya kutoa themostati kila gari linapochemsha inatutia hasara, na lawama si ya fundi peke yake. Ni yetu sisi wenye magari tunaoikubali, tena tunamshukuru fundi, kwa sababu ni kazi ya dakika ishirini na bei yake ni ndogo.

Sijitoi kwenye lawama hiyo. Sikiliza yaliyonikuta.

Yaliyonikuta mimi

Nina Corolla 110, gari la familia lililotoka Japani likiwa tayari limechoka. Mwaka juzi lilianza kupandisha joto nikiwa kwenye foleni mjini. Nikitoka kwenye foleni na kukimbia kidogo, mshale unashuka wenyewe. Nikaenda kwa fundi. Hakufungua mfuniko wa rejeta, hakuwasha gari, hakuniuliza linachemsha wakati gani. Alisikiliza sentensi moja tu akasema, "Bwana Shamba, hiyo ni themostati. Hicho kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi." Akaitoa, nikalipa shilingi 10,000, nikaondoka nikiwa na furaha.

Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Iringa mnaijua. Kwa miezi mitatu gari halikuchemsha hata siku moja, na mimi nikawa nawasimulia watu jinsi fundi wangu alivyo mkali.

Mwezi wa kumi nikapanda Kitonga na mke wangu, mtoto, na gunia la vitunguu kwenye buti. Mbele yetu kulikuwa na malori mawili yaliyojaa shehena, tunatambaa nyuma yake kwa gia ya kwanza. Niliposhtuka kuona mvuke, mshale ulikuwa umeshafika kwenye nyekundu na injini imeanza kukosa nguvu. Gasketi ilikuwa imeungua na silinda hedi imepinda. Gasketi mpya, kuchonga hedi, oili, gharama ya kuvutwa na ufundi vilinitoka shilingi 520,000. Fedha hiyo niliitenga kwa mbolea ya shamba langu.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu, ndiye aliyegundua ugonjwa wenyewe. Rilei ya feni ilikuwa imekufa. Feni ilikuwa haizunguki kabisa, na ndiyo sababu gari lilichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia. Rilei yenyewe ilikuwa shilingi 15,000.

Mke wangu aliniambia maneno ambayo bado yananichoma: "Ingekuwa ni mkulima kapulizia dawa kabla hajamjua mdudu, ungemgombeza mpaka jioni."

Ni kweli, ningemgombeza. Mkulima akija kuniambia majani ya nyanya yamekauka, simpi dawa ya kantangaze papo hapo. Namuuliza yameanzia wapi, chini au juu, tangu lini, na mvua ilinyesha lini, kisha naenda shambani kugeuza jani. Kumbe nikishika funguo za gari, elimu yote hiyo naiacha nyumbani.

Themostati inafanya nini

Ni mlango mdogo unaofunguka kwa joto. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Maji yakifika joto fulani, kwa magari yetu mengi ni kati ya nyuzi 82 na 88, nta iliyo ndani yake inatanuka na kusukuma mlango, na maji yanaanza kupita kwenye rejeta. Namba hiyo kwa kawaida imegongwa kwenye themostati yenyewe.

Sasa twende kwenye hoja za wanaoitetea tabia ya kuitoa.

"Ni ya nchi za baridi." Haya magari tunayaagiza Japani. Huko kiangazi joto hupita nyuzi 35, na themostati hazitolewi. Injini imepangwa kufanya kazi maji yakiwa kwenye nyuzi 80 hadi 90 na kitu. Joto la Dar es Salaam likiwa 32 bado liko mbali sana chini ya hapo, sembuse la Mafinga. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inadhani ndiyo kwanza imewashwa, kwa hiyo inaongezewa petroli. Petroli ambayo haikuungua vizuri inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, na pistoni na ringi zinalika. Unaokoa bei ya themostati, halafu unailipa kidogo kidogo kwenye kituo cha mafuta.

"Maji yakipita muda wote, injini itapoa zaidi." Hii ndiyo inayowadanganya wengi kwa sababu inaonekana ina akili. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ina visahani viwili. Kimoja kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo kingine kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini hivyo hivyo, haijapita kwenye rejeta. Siku ya kawaida huoni tofauti. Siku una mzigo, uko mlimani na jua ni kali, ndiyo siku unayoyahitaji maji yote yapite kwenye rejeta, na hayapiti yote.

"Mimi niliitoa miaka mitatu iliyopita na gari linatembea." Sikatai, na mimi langu lilitembea miezi mitatu. Mwenye malaria akimeza panadoli homa inashuka, lakini vimelea viko palepale.

"Spea za siku hizi ni feki." Hapa nakubaliana nawe, zipo mbovu nyingi. Lakini dawa yake ni kuipima kabla ya kuifunga. Ichukue themostati, ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni. Maji yanapokaribia kuchemka unatakiwa uone mlango unafunguka, na ukiyaacha yapoe ujifunge tena. Isipofunguka, au ikikaa wazi ingali baridi, irudishe dukani. Na siku ya kuifunga, kama ina kitundu chenye kipini kidogo kinachotikisika, kikae upande wa juu ili hewa itoke.

Swali la kwanza: linachemsha lini?

Kabla hujatoa hata shilingi, jibu swali hili. Injini ikiwa imepoa kabisa, asubuhi ni vizuri zaidi, angalia kwanza kama maji yamejaa kwenye rejeta yenyewe na siyo kwenye kile kichupa cha pembeni peke yake. Kisha kumbuka gari linachemsha katika hali gani.

1. Linachemsha likiwa limesimama au kwenye foleni, likikimbia linapoa. Shuku feni. Gari likikimbia, upepo wa njiani unafanya kazi ya feni, likisimama, hakuna. Washa gari, washa AC: kwenye magari mengi feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, anza na vitu vya bei ndogo: fyuzi, rilei, soketi iliyolegea, swichi ya joto, kisha mota yenyewe. Kama feni ya gari lako inazungushwa na mkanda wa injini, kagua mkanda umelegea au umepasuka.

2. Linachemsha likiwa na mzigo, mlimani au kwenye mwendo mrefu, lakini mjini halina shida. Shuku mzunguko wa maji. Angalia kwanza rejeta kwa nje. Magari yanayopita barabara za vijijini hujaza mbegu za nyasi, vumbi na wadudu kwenye mapezi ya rejeta mpaka upepo haupiti. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukisukuma uchafu kutoka upande wa injini kwenda nje. Kama nje ni safi, huenda imeziba ndani kwa kutu na magadi. Mwambie pia fundi aangalie kama mpira wa chini wa rejeta unanywea injini inapopandishwa moto, na kama pampu ya maji inavuja au imelika.

3. Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa. Kama maji yamo, shuku themostati iliyoganda ikiwa imefungwa, au hewa iliyonaswa baada ya kujaza maji vibaya. Dalili ya themostati kuganda ni mpira mmoja wa rejeta kuwa wa moto sana na mwingine kubaki baridi huku mshale uko juu. Rejeta iliyoziba kabisa nayo inaweza kuonyesha hivyo, kwa hiyo hapa ndipo sufuria inapoamua. Ikithibitika imekufa, itolewe na iwekwe nyingine, sio iachwe wazi.

4. Maji yanapungua kila siku na huoni yanapovuja. Hii ndiyo ya kuogopa. Shuku gasketi ya silinda hedi. Tazama moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata joto, oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, na mipira ya rejeta iliyo migumu asubuhi kabla hujawasha. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, washa gari, tazama mdomo wa rejeta. Mapovu machache ya mwanzo si neno. Mapovu yasiyokoma ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Zima, usilitembeze, ita fundi.

Hapo, ndugu yangu, katika hali nne, themostati imetajwa kuwa mshukiwa mkuu mara moja tu. Lakini nenda gereji uhesabu ni magari mangapi yametolewa themostati.

Kitu kidogo kinachodharauliwa: mfuniko

Mfuniko wa rejeta una spring na raba, na juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Kazi yake ni kushikilia presha ili maji yasichemke mapema. Ukiwa mzima, maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiwa umechoka, maji yanachemka kama kwenye sufuria ya nyumbani. Na sisi tunaoishi nyanda za juu tuna tatizo la ziada: Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Maana yake mfuniko mbovu unatuumiza sisi mapema kuliko mtu wa Pwani. Kagua raba kama imepasuka au imekakamaa. Ukinunua mwingine, namba iwe ileile.

Maji ya mtoni na binzari

Nimeona watu wanachota maji mferejini na kuyamimina kwenye rejeta. Nimeona pia wanaomwaga binzari ndani ili kuziba tundu. Tundu likizibwa na unga, unga huohuo unakwenda kwenye mirija myembamba ya rejeta na kuiziba. Maji ya mtoni yana tope, na ya visima vingi yana chumvi inayoganda ndani kama ile unayoiona kwenye birika. Rejeta inakufa polepole, na siku ikifa unaambiwa "ni themostati".

Tumia kulanti iliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza. Najua bei yake inauma. Kama huna uwezo leo, maji safi ya mvua uliyokinga vizuri ni afadhali mara mia kuliko ya mferejini, lakini hayazuii kutu, kwa hiyo panga kuweka kulanti mapema. Ukikwama njiani huna kitu, weka maji yoyote safi ufike, kisha yamwagwe na mfumo usafishwe.

Na hili nalisema kama mtu wa mifugo pia: kulanti nyingi ni sumu na zina ladha tamu. Usiimwage chini ambapo mbwa, mbuzi, kuku au mtoto anaweza kuifikia, wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Mshale ukipanda ukiwa barabarani

- Zima AC. Washa hita ya ndani mpaka mwisho, fungua vioo. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili.
- Mshale usiposhuka, au ukifika kwenye nyekundu, toka barabarani na uzime injini. Usiseme "nifike pale juu kwanza". Pale juu ndipo hedi inapopindia.
- Weka kigingi kwenye tairi kama uko mlimani, na alama nyuma ya gari.
- Usifungue mfuniko wa rejeta. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuungua na uuone hauna presha. Maji yaliyobanwa yakiachiwa yanaruka usoni, na kitambaa hakikusaidii.
- Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, wala usiyajaze kwa haraka. Hedi ya aluminiamu ikipozwa ghafla inapinda au kupasuka. Kwenye injini nyingi, kikomo cha kupinda ni milimita 0.05 tu, unene usiofika hata wa karatasi ya daftari.
- Mshale ukishuka ghafla kwenye baridi wakati mvuke unatoka, usifurahi. Huenda maji yamekwisha na kipima joto kimebaki kwenye hewa.

Neno kwa mafundi, na kwako

Mafundi, sisemi hamjui kazi. Yule mzee aliyeokoa gari langu hakuwa na mashine ya kisasa. Alikuwa na taa ya kupimia umeme, sufuria na subira. Aliniuliza maswali matano kabla hajashika spana. Tatizo ni kwamba sisi wateja hatulipii maswali. Fundi akisema "niachie gari mpaka kesho nilipime" tunamkimbia, tunakwenda kwa yule anayesema "dakika ishirini". Tunalipia spana, tunakataa kulipia kichwa, halafu tunashangaa tunapata spana bila kichwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe mkulima, wewe mama unayepeleka vitunguu mnadani, wewe kijana wa Probox: kabla hujaruhusu kitu kitolewe, muulize fundi mambo matatu. Umepima nini? Umeona nini? Na ukikitoa, utaweka nini badala yake? Akijibu, mlipe vizuri hata kama upimaji peke yake umechukua nusu siku. Akikasirika kwa kuulizwa, chukua funguo zako.

Na kama gari lako lilishatolewa themostati, usingoje mwezi wa kumi. Nenda wiki hii, chunguza kwanza kilichokuwa kinalichemsha, kitengenezwe, kisha irudishwe. Mimi yangu imerudi. Nimepanda Kitonga mara nyingi tangu hapo, nyuma ya malori yaleyale, na mshale umekaa katikati. Jumatano hii napanda tena na miche ya parachichi, na nikikukuta umefungua boneti nitasimama, lakini swali langu la kwanza unalijua.